Ofisi Yangu Ina Ng'ombe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mkoa mzima wa Simiyu, kuanzia hapa Bariadi mpaka Lingeka huko Meatu, hakuna mwenye sauti kama yangu. Nikisema haloo, ng'ombe wanaacha kucheua wasikilize. Kidato cha nne nilipata sifuri, sawa, lakini ilikuwa ya duara safi kuliko za wenzangu wote.

Leo nimeanza kazi ya ofisi. Na ofisi ni chumba changu! Kampuni moja ya Mwanza inauza taa za sola. Mteja akipiga, simu inaingia kwangu, najibu kwa Kiswahili au Kisukuma. Bosi ni Madam Gloria, yuko hukohuko Mwanza, anasikiliza tunavyojibu. Wiki ya majaribio. Ijumaa mtihani. Jumamosi mmoja wetu anapewa mkataba.

Mmoja wetu! Kwa sababu tuko wawili. Wa pili ni Goodness, jirani yangu ng'ambo ya ua wa minyaa. Tulisoma darasa moja. Yeye alifaulu. Jiografia alipata themanini na tatu, alikaa dawati la mbele, alishika kengele. Mimi mambo hayo nimeshasahau kabisa.

Simu ya kwanza, niko katikati ya maneno matamu, bibi Milembe akasukuma mlango bila hodi. Akauliza naumwa nini, mwanaume mzima ndani na jua limeshatoka. Nikamwambia niko kazini. Akasema kazi gani haitoi jasho, akanipa ndoo. Mteja alisikia yote. Akaniambia mjukuu, nenda kwanza kamchotee bibi maji, taa haikimbii.

Jumanne, 10 Juni

Nimemchungulia Goodness kupitia minyaa. Uchunguzi wa kikazi tu.

Mwanamke ana mbinu! Saa moja na robo anatoka mlango wa mbele. Sketi nyeusi, viatu vya kisigino, mkoba begani. Anapita barabarani anaaga watu kwamba anawahi kazini. Anazunguka mtaa. Halafu anaingia kwao kwa mlango wa nyuma! Mtaa mzima unajua hayupo. Hakuna wa kumtuma dukani, hakuna wa kumgongea. Mama yake, mayu Elizabeth, anatwanga huku akinong'ona. Hata kuku wao wanatembea kwa adabu.

Roho iliniuma, nikashindwa kumaliza michembe yangu ya viazi vikavu. Kitu chepesi vile, kwa nini hakikuja kichwani kwangu kwanza?

Jioni Madam Gloria akaandika kwenye kundi la WhatsApp: Goodness ana mazingira tulivu, hongera. Mimi akaniuliza kama naishi mnadani.

Jumatano, 11 Juni

Nami nimetoka kwenda kazini. Tai ya marehemu babu. Begi nimelijaza shuka livimbe kama lina mafaili. Saa mbili kasoro dakika tano, nikijua mzunguko ni dakika tano kamili.

Nilikwenda hatua ishirini. Mzee Bujiku yuko kwenye benchi lake. Na kwetu huwezi kumpungia mzee mkono ukapita kama unakimbilia basi. Nikamwamkia, mwangaluka, baba. Akaniuliza nimeamkaje. Bibi ameamkaje. Ng'ombe wameamkaje. Tuna ng'ombe saba, akataka habari ya kila mmoja. Alipotumaliza akahamia kwa wajomba zangu wa Nkoma.

Ndipo akauliza naenda wapi na tai. Kazini. Kazini wapi? Nikanyoosha kidole kumwonyesha, kikaelekea nyumbani kwetu, nikakirudisha mfukoni. Akasema basi kama huna pa kwenda, njoo unisaidie kupakia pamba kwenye mkokoteni.

Nimefika ofisini saa nne. Yaani nimechelewa saa mbili kufika chumbani kwangu!

Nimekuja kuambiwa Goodness humtengea Mzee Bujiku nusu saa kila asubuhi, na goti anapiga. Salamu ameziweka kwenye ratiba. Kujipendekeza tu.

Alhamisi, 12 Juni

Msiba! Pamba ya bibi imeletwa kutoka shamba la Nkoma. Yote imemwagwa chumbani kwangu, eti ndiko hakuvuji. Kitanda hakionekani. Nimekalia pamba, nimeegemea pamba, nimepiga chafya mara arobaini.

Lakini kumbe! Pamba inameza kelele. Mbuzi hawasikiki, bibi hasikiki. Sauti yangu ikatoka nene kama ya redio. Madam Gloria akapiga mwenyewe. Mayige, leo umependeza masikioni, akasema, unamkaribia Goodness.

Unamkaribia!

Sikula mchana. Nikalala juu ya pamba nikafikiri, na nikifikiri mimi lazima mtu aumie. Ndama akitengwa na mama yake hulia mpaka koo likauke, hilo tunalijua tangu tunanyonya. Bibi ana ndama wa wiki tatu. Dirisha la Goodness liko palepale kwenye ua. Kesho mtihani wangu ni saa nne, wa kwake saa nne na nusu. Utulivu wake nitauona!

Ijumaa, 13 Juni

Saa nne kasoro kumi nimemfunga ndama chini ya dirisha la Goodness, kwa mkanda wa begi langu. Akaanza kulia pale pale. Wimbo mtamu! Nikarudi mbio, nikajitumbukiza kwenye pamba, simu ya mtihani ikaingia.

Nilisahau kitu kimoja. Ndama ana mama. Mama yuko kwetu. Zizi liko nyuma ya dirisha langu.

Ng'ombe alijibu. Akajibu tena. Akavunja mlango wa zizi, akaingiza kichwa dirishani, akaanza kula ofisi. Mteja akauliza huyo anayepumua ni nani. Nikasema ni msaidizi wangu.

Hapo bibi akakuta ndama hayupo. Akapiga mwano, yowe la kuita watu! Na kwetu mwano wa ng'ombe ukipigwa, kila mwanaume anaacha alichoshika, anachukua fimbo, anakimbia. Ukibaki ndani, wewe ndiye mwizi. Madam Gloria yuko kwenye laini, na Mzee Bujiku yuko mlangoni na rungu ananiuliza kama mimi ni mwanaume. Nikaitupa simu kwenye pamba. Nikakimbia na tai yangu mpaka bondeni, kumtafuta mwizi ambaye ni mimi.

Mtaa mzima ulikuwa bondeni. Kwa hiyo saa nne na nusu Goodness alifanya mtihani katika ukimya ambao Bariadi haijapata kuuona. Ndama yeye alimlambisha chumvi kiganjani, akamkuna shingo mpaka ndama akalala.

Tuliporudi tumechoka, huyo anakuja na viatu vyake vya kisigino, anamvuta ndama. Vigelegele! Bibi akamwita mayu, akambariki hadi wajukuu. Goodness akautazama ule mkanda. Akanitazama mimi. Akamwambia bibi kwamba ndama alipotea tu, watoto wa ng'ombe ndivyo walivyo.

Hata huruma ananizidi! Nimechukia zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Mkataba kapewa Goodness. Bibi ameahidi kumpelekea maziwa kila asubuhi, tena kwa mkono wangu.

Nimechambua makosa kitaalamu. Kosa la kwanza ni la ng'ombe. La pili la bibi, kwa koo lake. La tatu la Mzee Bujiku. Goodness siku moja atachukua likizo na watatafuta mtu, kwa hiyo nimeanza kuulizia punda. Punda mzee, ambaye mama yake alishakufa. Hapo hakuna wa kumjibu.

Lakini daftari hili bibi hajui kulisoma, basi niandike na kosa lile lingine. Jana, kabla ng'ombe hajafungua mdomo, mteja aliniuliza taa ikijaa chaji inawaka kwa muda wa saa ngapi. Nikamjibu inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikasema inategemea taa yenyewe. Akauliza ikinyeshewa je? Nikamwambia ajaribu, atupe majibu.

Madam Gloria alikuwa amenitumia karatasi ya maelezo ya taa tangu Jumatatu. Kurasa mbili, tena zina picha. Sikuisoma.

Hata leo sijaisoma.