Dakika Hamsini Angani

Jumatano, 9 Agosti

Mama anafanyiwa upasuaji wa jicho Ijumaa. Jumamosi saa nne asubuhi bandeji inafunguliwa. Kasema kwenye simu amechoka kuona watu kama moshi, anataka kuona sura za wanawe. Sasa, sura ya kwanza itakuwa ya nani? Kaka kawa wa kwanza katika kila kitu: kuzaliwa, kuoa, kuulizwa ushauri. Hili silitoi.

Kaka anaondoka kesho kwa basi. Kaniomba twende wote. Nimekataa kwa upole. Barabara inazunguka milima, karibu kilometa mia saba. Ndege inakata moja kwa moja, mia nne tu. Dakika hamsini! Nitaondoka Jumamosi asubuhi, nimeoga, nimenyoa, nanukia. Yeye atakuwa na macho mekundu na shati lililokunjamana.

Alhamisi, 10 Agosti

Kaka kaondoka alfajiri. Mimi nikageukia upande wa pili.

Mke wangu kauliza kutoka uwanja wa ndege wa kule hadi hospitali ni mbali kiasi gani. Nikamwambia ni dakika hamsini. Akasema hizo ni za angani. Nikamwuliza chai iko wapi.

Jumamosi, 12 Agosti

Ndege ya saa moja. Nimefika mapema, nimekaa dirishani. Tukateremshwa. Ukungu umefunika uwanja wa kule. Nikamweleza dada wa kaunta kwamba mama yangu anafunguliwa jicho saa nne. Akanipa pole, kisha akasema ukungu haujaambiwa.

Tumeruka saa tatu kasoro. Dakika hamsini kamili! Nilipima kwa saa yangu na nikajisikia mshindi, hadi nilipotoka nje. Uwanja uko porini. Mji hauonekani hata kwa kukisia. Dereva wa teksi akasema ni mwendo wa saa moja na nusu, kisha akasimama kujaza mafuta.

Nikaingia wodini saa tano na nusu. Bandeji haipo. Mama kaketi kitandani, Kaka anammenyea chungwa. Shati lake limekunjamana kweli.

Mama alinivuta hadi kwenye mwanga, akanishika mashavu.

“Kumbe na wewe una mvi,” akasema. “Hakuna aliyeniambia.”

Akaendelea kunitazama, polepole, kama mtu anayesoma.

Baadaye, kwenye korido, Kaka kaniambia kwamba jana Mama alitetemeka sana kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Yeye ndiye aliyemshika mkono mpaka mlangoni. Mama alikuwa anauliza kama nimeshafika. Kaka hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikuwa nimehesabu Jumamosi. Ijumaa sikuihesabu kabisa.

Jumapili, 13 Agosti

Jicho la pili ni mwezi ujao. Kaka kasema safari hii twende wote kwa basi, siku mbili kabla, Mama atulie. Nikakubali kwa moyo wote. Tukashikana mikono. Mama akafurahi.

Niko uwanjani nasubiri ndege ya kurudi. Dada wa kaunta ya huku kanieleza kwamba kuanzia mwezi ujao wanaleta ndege kubwa zaidi, ya injini za kasi. Dakika thelathini na tano!

Nimeshalipia. Asubuhi ileile ya kufungua bandeji. Kaka nitamwambia akishapanda basi.