Moyo wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Niwie radhi, shajara. Mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa na tumbo. Leo lile tumbo lina meno mawili na limeshang'ata kona yako. Sikukusahau. Nilichoka tu.

Habari kubwa: dada amenitumia saa inayosoma mapigo ya moyo! Nimeikodolea macho mpaka chai ikakauka jikoni. Sabini na nane. Themanini. Moyo wangu huo, tumeishi pamoja miaka yote hii bila kuonana! Mara wifi, dada wa mume wangu, akapiga hodi. Mia na kumi na mbili. Na nilikuwa nimekaa!

Timu ya mbio ya wanawake wa mtaani imebakiza nafasi moja. Wifi anaitaka. Mimi naitaka zaidi: mama mkwe ametamka mbele ya mashahidi kwamba nikichaguliwa, atanishikia mtoto kila asubuhi. Saa nzima bila mtu kunivuta nguo! Nisipochaguliwa, anasema, basi nakimbia kwa starehe zangu, na mwenye starehe abebe mwanawe.

Jumanne, 4 Machi
Kocha wetu ni yule muuza dawa wa pale kona. Tunamwita Mzee Taratibu. Kasema kwa anayeanza hatazami mbio, anatazama moyo: usivuke mia na arobaini. Ukishindwa kupiga soga, umeshindwa kukimbia. Jumamosi atakagua mbio ya mwisho iliyohifadhiwa kwenye saa zetu, achague.

Nimekimbia mpaka kwa kinyozi. Mia na sabini na tisa! Saa ikapiga kelele. Nikatembea, ikanyamaza. Nikakimbia, ikapiga kelele. Kinyozi akatoka, na mteja wake kanyolewa nusu kichwa, kuuliza nimeiba nini. Wifi akanipita huku anaongea na simu. Akanipa pole, eti hata kutembea ni mazoezi, mama. Mia na themanini na nne. Hayo si mapigo ya mbio, ni ya hasira.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimeona maajabu. Mtoto kalala, nikamfunga saa pajani, mchezo tu. Mia na ishirini na nane! Nikainama kusikiliza pumzi. Shwari. Amelala fofofo, mdomo wazi, na moyo unatimka! Nani anamkimbiza? Nikaenda kwa Mzee Taratibu na kiatu kimoja. Akacheka, akasema ni kawaida, watoto wadogo ndivyo walivyo. Kawaida! Kitu kisichozidi ngumi yake kinakimbia usiku kucha, na mwenyewe anaamka anacheka. Nikamtazama mpaka nikatokwa na machozi.

Kisha nikayafuta. Mia na ishirini na nane. Chini ya mia na arobaini.

Mungu anisamehe. Akili haina adabu.

Alhamisi, 6 Machi
Mtoto ndani ya kigari, saa pajani, shuka juu. Mimi nyuma nasukuma, nahema kama mvukuto, kupanda mlima hadi shuleni na kurudi. Saa kimya! Mia na ishirini na tano, na saba, na tano. Alipopiga chafya ikapanda, nikasimama kumbembeleza kwa faida ya wote wawili.

Jumamosi, 8 Machi
Mzee Taratibu kasoma saa yangu, kavua miwani, kasoma tena. Anasema tangu aanze ukocha hajaona moyo uliotulia hivi kwenye ule mlima wa shule. Nafasi ni yangu! Wifi alinipa mkono kama anayeuchovya kwenye maji ya moto. Mama mkwe kasema ahadi ni deni, kesho nimwachie mjukuu wake.

Jumapili, 9 Machi
Nikamwachia. Nikatoka mikono mitupu, mwepesi kama unyoya. Tulipofika na timu kwa kinyozi ndipo akili iliponirudia: moyo uliochaguliwa nimeuacha nyumbani, unalishwa uji!

Mia na themanini na sita. Mzee Taratibu akasimamisha timu nzima, akanilaza kivulini, miguu juu. Nikasema nimekosa usingizi tu, na wala sikudanganya. Wifi akanishika mkono mpaka nyumbani, bila hata utani mmoja. Hilo ndilo lililoniuma.

Mzee amenipa mpaka Jumapili ijayo. Moyo usiposhuka, nafasi ni ya wifi. Anasema dawa ni moja: nikimbie mwendo wa konokono wiki nyingi, moyo utazoea wenyewe. Wiki nyingi! Konokono hana akili, mimi ninayo. Mama mkwe nitamwambia apumzike asubuhi. Mtoto nitakwenda naye mwenyewe.

Nimemwandikia dada kumshukuru. Bado nahitaji anitumie: saa ya pili ya rangi ileile (ya kwanza nivae nionekane, ya pili avae mtoto, nizibadilishe Mzee akitaka kusoma), mkanda mfupi wa kuzunguka paja nono, mbeleko imara ya kukimbilia, isiyorusharusha mtoto akaamka, na soksi za mtoto za kufika mapajani, nyeusi, jozi mbili.