Mkono wa Padri Kwenye Ukuta wa Kanisa Letu

Cañada Quieta, New Mexico
Mwisho wa Mei

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Ofisi ya Ziara za Kihistoria

Bwana Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa, maana si fupi. Mimi ni Eutimia Archuleta, mjane, jirani wa kanisa la udongo ambalo wageni wako huletwa kwa basi kulitazama ili waijue enzi ya Wahispania. Wageni sina ugomvi nao. Ni watu wa heshima, ingawa mmoja aliingia jikoni kwangu akaipiga picha sufuria ya maharage akidhani ni sehemu ya maonyesho, na nilipomkaribisha akala sahani mbili. Ninachokilalamikia ni kamba.

Wiki iliyopita ofisi yako iliuzungushia kamba ukuta wa mbele, ikatundika na tangazo: mwaka huu ni marufuku kulikandika kanisa, ili kuilinda alama ya mkono wa padri wa Kihispania iliyo kando ya mlango. Kwa unyenyekevu wote nilio nao, ambao majirani watakwambia ni mdogo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kanisa hili ni udongo mtupu. Kila mwaka, kabla ya mvua za Julai, wanaume hukoroga tope na majani makavu ya ngano, na sisi wanawake hukandika kwa viganja. Ndiyo maana limesimama tangu siku za mfalme wa Hispania. Tusipolikandika, udongo wake utarudi shambani ulikotoka, na mwakani wageni wako watakuja kutazama kamba.

2. Mkono ule si wa padri. Ni wa marehemu mume wangu, Onofre. Hapa kwetu mwanaume hagusi ukuta, kazi yake ni kubeba ndoo. Mwaka wake wa mwisho Onofre alingoja nimalize kusawazisha, akabandika kiganja pale pale palipopendeza, akasema, "Haya mama, na mimi sasa fundi." Nilimrushia tope la uso. Tangu alipofariki, sehemu ile naikandika mwenyewe, nikiuzunguka mkono taratibu, na hakuna anayethubutu kunisogelea.

3. Mwongozaji wako huwaeleza wageni kwamba kidole kile kilichopinda padri alikivunja vitani akimkinga mtoto. Mama mmoja alilia mpaka nikampa leso. Kidole kilibanwa na mlango wa lori, Bwana Mkurugenzi, na maneno aliyoyatoa Onofre siku ile hakuna padri anayeyajua.

4. Kama ofisi yako bado inashikilia kuwa mkono huo ni urithi wa taifa, basi haki itendeke kwa mwili mzima. Naomba kamba kwa kiti chake, kwa kofia yake, na kwa upande wake wa kitanda, ambao nao sijaugusa. Naomba pia kamba ndogo ya kunizungushia mimi, niliyeshikwa na mkono huo miaka mingi kuliko ukuta.

Kwa hiyo ukweli utangazwe, kamba itolewe, nasi tukandike kabla mvua haijatukuta.

Wasalimie makarani wako wote, dereva wa basi, na yule mgeni wa maharage. Mwambie sufuria bado ipo.

Ni mimi, nisiye na kinyongo hata kidogo,
Eutimia Archuleta

N.B. Kabla ya kuifunga barua nimemsomea wifi yangu Delfinia, dada yake Onofre. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wifi, hebu fikiri. Wakijua ni mkono wa kaka tu, si watasema ni uchafu, ufunikwe, ukuta uwe kama zamani?" Kahawa yangu imepoa hapa mezani na sina hamu nayo tena.

Basi yote niliyoandika hapo juu tafadhali yasahau. Mkono ni wa padri. Ila padri huyo, na mimi namfahamu vizuri, alitaka ukuta ukandikwe kila mwaka bila kukosa, na pale penye mkono wake akandike mjane jirani wa kanisa peke yake. Wageni wakiuliza jina lake, waambie alikuwa Padri Onofre.