Tabaka Moja la Boksi la Sabuni

Jumatatu, 4 Juni 1956
Kosa la watu wengi ni hili: wakiona ramani ya milima, hudhani ile mistari iliyojipinda ni njia za miguu. Sivyo! Kila mstari huunganisha mahali penye kimo kimoja. Ukiufuata, hupandi wala hushuki. Nimelifundisha jambo hili miaka ishirini na sita, Iringa na hapa Mbeya. Nimestaafu, bado nalifundisha. Hakuna aliyeniuliza.

Wazee wanataka mfereji kutoka kijito cha juu. Fanueli, mwashi wa zamani, anasema upite kwake. Nasema upite kwangu. Mke wangu Tusekile ana goti bovu, na kila siku hupanda kutoka bondeni na debe la maji kichwani. Nimemwahidi maji mlangoni.

Jumanne, 5 Juni
Nimeikuza ramani kwa miraba. Nimekata maboksi ya sabuni kufuata mistari, nikabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji wa ngano. Tabaka moja ni futi hamsini. Milima yetu imesimama mezani! Tatizo: kilima kilicho kati ya kijito na nyumba yangu kimekizidi kijito kwa tabaka moja. Njia ya kweli inapita kwa Fanueli, kisha inafika hatua sitini chini ya mlango wangu. Hatua sitini! Tena baada ya Fanueli! Haiwezekani.

Nimebandua tabaka moja la kilima. Jembamba kama ukucha. Nani ataliona?

Alhamisi, 7 Juni
Kikao. Nimemimina kikombe cha maji kwenye kijito cha maboksi. Yamekimbia moja kwa moja hadi kwangu. Makofi! Mzee Anania, mkuu wa kikao, kasema elimu ni taa. Fanueli akachuchumaa, akafumba jicho moja, akauliza kama kile kilima kimekwenda likizo. Watu wakacheka. Nikasema jicho la mwashi limezoea kuta. Wakacheka zaidi. Nikamweleza mistari ya kimo tangu mwanzo. Hakushukuru.

Jumatano, 13 Juni
Siku nne wamechimba, watu arobaini. Tusekile amewapikia togwa kwa maji aliyoyapandisha mwenyewe. Madebe kumi na moja. Leo maji yamefunguliwa. Yakaja vizuri mpaka chini ya kilima. Yakasimama, kama yanayofikiri. Yakageuka, yakaingia shamba la viazi la Mzee Anania.

Mzee Anania akaniambia ndaga fijo, Mwalimu, asante sana, viazi vilikuwa na kiu. Fanueli akauliza, kwa upole kabisa, kama maji nayo yaanze darasa la kwanza.

Jumamosi, 16 Juni
Uamuzi: mfereji utapita kwa Fanueli na kuishia hapohapo. Mahindi yamekauka, watu wanataka kuvuna. Zile siku nne nilizozipoteza ndizo zingeufikisha kwetu.

Nimemwambia Tusekile habari ya tabaka. Hakugomba. Aliuliza tu lilikuwa na unene gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akavitazama vidole vyangu, akafunga goti kwa kitambaa, akachukua debe. Nilipaswa kusema neno. Nikamweleza maana ya futi hamsini.

Jumapili, 17 Juni
Nimekaa benchi la nyuma kanisani. Mahubiri yalikuwa ya toba. Yamenichoma. Nje, Fanueli akanishika mkono, akasema tuchote kwake wakati wowote, wala nisione haya. Mtu mwema. Inaudhi.

Nimetubu kweli. Kosa langu sasa naliona waziwazi: nilibandua tabaka kwenye kilima, mahali ambapo kila jicho linatazama. Baada ya mavuno nitaitisha kikao kingine. Kilima nitakiacha kama Mungu alivyokiumba. Nitaongeza tabaka moja chini ya kijito, kiinuke.

Tusekile ameomba jambo moja tu: nikampokee debe pale kwenye mteremko. Nitakwenda, nikimaliza.

Leo, kabla ya yote: koroga uji wa ngano.