Televisheni kwa Bei ya Kiberiti

Mhandisi, ambaye uhandisi wake ulianzia na kuishia kwenye jina hilo, alimkuta Mama Jumla dukani akiingiza namba za bidhaa kwenye simu kwa kidole kimoja, wateja wakipiga miayo. Moyo wa Mhandisi ukacheka. Alikuwa amemwahidi baba mkwe mtarajiwa televisheni, na mzee alishasema: hakuna televisheni, hakuna binti.

"Mama yangu, unateseka na mimi nipo?" Akachomoa skana kama bastola. "Hii inasoma mistari, inajiandikia namba kwenye simu, inajibonyezea 'sawa', bili inaruka hadi kwa mteja. Nakuachia bure. Hata lebo zilizochakaa nakubandikia mpya."

"Bure?" Mama Jumla, aliyekuwa akiuza hata maboksi matupu, akalainika. "Karibu kiti, mwanangu."

Mhandisi akabandika siku nzima kwa uadilifu wa kutisha, kila kitu lebo yake. Isipokuwa televisheni kubwa ya ukutani. Hiyo aliipa lebo ya kiberiti.

"Ukisikia piip, usihangaike kutazama kioo cha simu," akausia. "Mashine haikosei."

Kesho yake akarudi kama mteja. Nje, baba mkwe alingoja ndani ya pikapu, blanketi la kufunikia mzigo magotini.

Mhandisi alitanguliza kipande cha sabuni, aonekane muungwana. Piip. Kisha televisheni. Piip.

Sasa ifahamike, jambo ambalo mhandisi wa kweli angelijaribu kwanza nyumbani: skana haina akili. Humwaga namba popote kile kimstari cha kuandikia kinapopepesa. Na baada ya sabuni, kimstari kilikuwa kimeshuka kwenye kisanduku cha idadi. Namba ya lebo ikawa idadi ya sabuni, na skana, mtiifu kama ilivyosifiwa, ikabonyeza 'sawa'.

Simu ya Mhandisi ikalia. Bili ya sabuni za kuogesha dunia nzima, na mifugo yake.

"Mama, futa! Imekosea!"

"Si ulisema haikosei?" Mama Jumla akavaa miwani, akatazama kioo kwa mara ya kwanza tangu jana. "Sabuni, idadi: tano, nane, saba..." Kidole chake kikaendelea chenyewe hewani, kikimalizia namba ambayo kilikuwa kimeibonyeza miaka nenda miaka rudi. "Mwanangu, hii si namba ya kiberiti?"

Akaizungusha televisheni, akabandua lebo kwa ukucha. Chini yake ile ya zamani ikamchekea.

"Mama, naweza kueleza..."

"Waeleze polisi. Au lipia ulichobandika."

"Nilichobandika?"

"Kiberiti. Na skana naibakiza, si ulisema bure?"

Mhandisi akalipa, akatoka mkono mmoja mfukoni. Baba mkwe akaruka chini, akakunjua blanketi kwa mikono miwili. Mhandisi akafungua kiganja.

Mzee akakiangalia kile kiberiti, akakigeuza upande wa pili.

"Mkwe," akauliza kwa upole, "hiki ni cha inchi ngapi?"