Sanda ya Shangazi Mwanasiti

Jumatatu, 3 Agosti 1964
Mwezi wa pili huu Mwanapili yuko kwao Mkwiro. Leo baba yake, Mzee Dzombo, ameniletea salamu kwa wachuuzi wa samaki. Ijumaa anavuka kuja huku Msambweni. Akinikuta na kazi inayotajika mbele za watu, mke wangu atarudi. Akinikosa nayo, niandike talaka.

Kila mtu siku hizi ni Uhuru na Kazi, Uhuru na Kazi. Uhuru ninao. Nusu nimekwisha timiza!

Nampenda Mwanapili. Nyumba bila yeye hainikai. Hata paka amehama.

Alasiri akapita Boga na wageni wa hoteli, anawapeleka kuwaonyesha mbega mitini. Mbega! Mnyama anayejionyesha mwenyewe! Na Boga amefunga tai, katika joto hili. Nilikasirika hadi nikapata fikra. Magofu ya Mtaa wa Kale hayakaliwi na mtu, ila popo. Nitawatembeza wageni humo niwaonyeshe mizuka. Kazi hiyo. Inatajika.

Jumanne, 4 Agosti
Wateja nimewapata Ukunda, nimempokonya Boga mdomoni. Ni afisa wa Nairobi, mkewe Jemima na watoto wao, wako likizoni Diani. Mama Jemima aliuliza kwa Kiswahili chake cha bara kama hiyo mizuka iko kweli. Nikaapa. Bwana akauliza mbona matembezi ni mchana. Nikamwambia mizuka ya pwani ina adabu, magharibi huwa imesharudi kwao. Akaridhika. Msomi huyo!

Tatizo moja: mizuka sina. Nimemwendea shangazi yangu Mwanasiti, aliyenilea na asiyeweza kuninyima kitu. Yuko radhi kuwa mzuka. Ila anataka kigoda kwa ajili ya goti lake, na tambuu ya kutafuna, na asiambiwe kupiga makelele kwa sababu hakulelewa hivyo. Mzuka wa kigodani! Nimekubali, ningefanyaje?

Jumatano, 5 Agosti
Dukani kwa Rai. Nikamwambia anipimie bafta nyeupe ya kumtosha mtu, na pamba, na kafuri, na ubani, na marashi. Kafuri ni wazo langu mwenyewe. Mzuka usionuka hauaminiki.

Rai akashusha sauti, akauliza ni vya nani. Nikamwambia vya shangazi Mwanasiti. Akauliza ni lini. Nikamwambia kesho alasiri, na yeye anakaribishwa. Akafumba macho, akasema maneno ya Kiarabu, akanifungia vitu vyote na kukataa malipo. Rai! Mtu anayepima hadi chumvi ya kuonja!

Njiani wanawake wananitazama kwa huruma. Mwalimu wa madrasa amenishika kwa mikono miwili. Boga mwenyewe kanipa pole, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Nimemjibu nimeshapoa. Kazi nimeianza juzi tu na tayari wananiheshimu.

Leo tunalala gofuni, mimi na shangazi. Sitaki aonekane. Mzuka ukizoeleka hauogopwi.

Alhamisi, 6 Agosti
Naandika nimefunga mlango kwa komeo.

Wageni walifika kwa wakati. Gofu la kwanza nikawasimulia tajiri asiye na kichwa. Mtoto mdogo akataka kujua anakula kwa wapi. Nikawapitisha haraka.

Gofu la pili, shangazi. Sanda imemkaa vizuri, uso nimempaka unga, kafuri inanuka hadi njiani. Mama Jemima kamshika mumewe. Ndipo yule mtoto, aliyefundishwa adabu za pwani tangu washuke kwenye treni, akamwamkia mzuka shikamoo. Na shangazi yangu, ambaye hajapata kuacha salamu ya mtoto ianguke chini, akaitikia marahaba, akauliza na bibi yake hajambo?

Nikakohoa kwa nguvu. Wakati huo huo vilio vikapanda kutoka upande wa nyumbani kwangu. Vya wanawake, vingi. Nikasema mizuka hiyo mingine inaitikia! Nilijisifu moyoni.

Shangazi hakujisifu. Alitega sikio, akasema jirani wamefiwa, na yeye hawezi kukaa kigodani watu wakilia. Akainuka. Nikamzuia, akanisukuma. Akashika njia na sanda yake, na unga wake, goti limepona ghafla, sisi nyuma.

Uani kwangu pamejaa. Masufuria mekoni. Jeneza la msikiti ndiyo linafikishwa mlangoni. Shangazi akasimama katikati ya wanawake, akauliza kwa upole ni nani aliyefariki, na je, mchele umeshachaguliwa?

Mchele haukuchaguliwa. Waliobeba jeneza walilitupa. Rai kapita juu ya ua. Boga kaacha tai kwenye mchongoma. Wageni wangu wakapiga makofi hadi mikono ikawauma.

Ijumaa, 7 Agosti
Nilikuwa nakunywa uji nikasikia jina langu, Mbwana, likililiwa njiani. Mwanapili! Habari ilipovuka maji ilishageuka, kule maiti ni mimi. Amelia tangu Mkwiro. Aliponiona na bakuli alikaa chini, akasema alhamdulillahi. Niliona raha isiyo na mfano.

Kisha akauliza sanda ilikuwa ya nini. Nikamweleza kazi yangu, mbele ya baba yake, kwa fahari. Mzee Dzombo alilitazama jeneza muda mrefu.

Vijana walikuwa wameshachimba kaburi, na kaburi halifukiwi tupu, lisije likamtafuta mwenyewe. Wazee wakakata mgomba wangu, wenye mkungu, wakauvisha ile bafta wakauzika. Mkungu nao!

Mwanapili aliondoka jioni. Alisema aliponidhani nimekufa alikumbuka mema yangu yote, na aliponiona hai akakumbuka yaliyobaki. Mzee Dzombo hakutaka kudai talaka matangani, si ustaarabu. Atakuja Ijumaa ijayo.

Nimelia. Sioni haya kuandika.

Jumamosi, 8 Agosti
Boga anawatembeza wageni kwenye kaburi la mgomba. Mgomba wangu! Na tai mpya.

Lakini nimefikiri usiku kucha. Mwanapili hakurudi kwa kazi. Hakurudi kwa salamu zangu zote. Alirudi siku niliyokufa, tena mbio, tena analia. Na Ijumaa ijayo Mzee Dzombo atamdai nani? Maiti haandiki talaka.

Rai amekataa kunipimia bafta. Nimemtuma shangazi. Akiulizwa ni ya nani, nimemwambia aseme ukweli: ya Mbwana, Alhamisi alasiri, wote mnakaribishwa.