Madaraja Matatu ya Kuelea Mtoni

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Mzee Zaidi, baba yake Nasrin, amekubali! Si posa. Amekubali kuja Uru Jumamosi kuiona hiyo kazi yangu ya mtoni. Akiridhika, atawapokea washenga wangu na Nasrin atakuwa mke wangu. Asiporidhika, kuna Yassin, muuza simu, ambaye naye amealikwa, eti aone mto.

Kazi yenyewe bado haipo. Ila tyubu sita za lori ninazo, na mtaani kwetu Pasua hakuna anayeziba pancha kunishinda. Watu watazikalia, maji yatawashusha. Nani anakataa?

Jumanne, 13 Agosti

Nimepima mto kutwa. Una vituko! Asubuhi maji kiunoni, saa nane magotini. Kwa nini? Theluji ya mlimani? Mwezi? Sijawahi kufikiria kitu kwa raha hivi.

Nilimpa shikamoo Mama Mektrida, mwenye shamba la kahawa pale ukingoni. Akasema nikitaka habari za maji nimwone mzee wa mfongo, yaani mfereji wao wa kumwagilia migomba. Nikashukuru, nikaendelea kupima. Mimi nina mto, yeye ananiletea mfereji!

Alhamisi, 15 Agosti

Madaraja tayari. Wanaoanza: Nasrin, anayeogopa hata beseni. Tyubu kubwa, na kamba. Wa kati: Mzee Zaidi. Mabingwa: Yassin. Tyubu yenye viraka vinne. Mimi ni kiongozi, sina daraja. Kuogelea sijui, lakini hakuna aliyeniuliza.

Nasrin aliuliza nina uhakika gani na maji ya Jumamosi. Nikamwonyesha daftari: asubuhi tatu mfululizo, kiunoni. Akalifunga, akanirudishia. Nadhani aliridhika.

Jumamosi, 17 Agosti

Hakuna maji. Hakuna kabisa! Mawe matupu na kaa mmoja.

Mzee Zaidi alikuwa ameshonesha kaptura mpya kwa ajili ya leo. Yassin alikalia tyubu yake juu ya changarawe, akauliza kama hapa ndipo kwa mabingwa. Nasrin alicheka, akaniona uso, akaacha. Hapo ndipo iliponiuma.

Mama Mektrida akaja na jembe begani. Jumamosi ni zamu ya ukoo wa juu. Tangu alfajiri maji yote yamegeuziwa mfongoni. Akasema hata watoto wa chekechea wanajua.

Mzee hakufoka. Alitaka kuuona huo mfongo. Wakapanda wote, wakakaa huko saa nzima, Mzee akiuliza: nani aliuchimba, nani anaufunga, mteremko waliupimaje? Mimi nililinda tyubu. Aliporudi alisema posa ingoje mpaka nijifunze kuuliza watu. Nasrin alininong'oneza kwamba hilo ni jepesi, Mama Mektrida si yupo pale pale?

Jumapili, 18 Agosti

Sikulala kwa kuwaza, na nimepata! Maji si yamehamia mfongoni? Basi na sisi tuhamie. Nimeenda kuuangalia. Maji yametulia, yanawafaa wanaoanza kabisa. Tatizo moja dogo: tyubu haipiti, mfongo ni mwembamba.

Mama Mektrida alisimama karibu yangu muda mrefu, kama anayengoja aulizwe kitu. Nikamwomba jembe. Sikumwambia la nini. Nikianza kuupanua kesho asubuhi, Jumamosi tutapita wote, hata Mzee Zaidi.